Yosefu wa Nani? Safari Yangu ya Tiira, Mulanda na Petta

Akina mama wenzangu wa chama cha Alhamisi, mmekuwa mkiuliza nilipotelea wapi wiki nzima, na meza yangu ya samaki wa omena imefunikwa gunia kama nyumba ya matanga. Hakuna matanga. Nilienda kumtafutia mtu baba. Kaeni vizuri niwaambie yote, tangu kutoka mpaka kurudi. Shule mimi niliishia darasa la pili, kwa hivyo ninasema na mjukuu wangu Nabwire anaandika, na nimemkataza kunisafishia maneno.

Sababu ya kutoka ilikuwa huyu huyu anayeandika. Ni mwalimu wa sekondari hapa Busia yetu ya Kenya, na amepata mchumba. Anaitwa Wandera, fundi wa pampu za visima, mtoto wa Tiira, huko ng'ambo Uganda. Kijana mpole, anakula vizuri, anasalimia na mikono miwili. Jumamosi ile watu wake walikuja kujitambulisha. Tumekaa, soda zimefunguliwa, kuku iko kwa moto. Shemeji yangu Mzee Okumu, ambaye ndiye msemaji wa ukoo tangu bwanangu afariki, akasema, "Haya, mtuhesabie huyu kijana."

Nyinyi mnajua, lakini nitasema kwa ajili ya watoto watakaosoma. Kwetu mtu hajihesabu mwenyewe. Anahesabiwa na mtu wake: huyu ni wa fulani, wa fulani, wa fulani, mpaka wazee watosheke. Ukijihesabu mwenyewe ni bure tu, hata mwizi anaweza kujihesabu. Sasa baba ya Wandera, Ouma, alishakufa, kwa hivyo mjomba ya kijana ndiye alisimama. Akasema, "Wandera, wa Ouma, wa Yosefu." Akaishia hapo.

"Yosefu wa nani?" Mzee Okumu akauliza.

"Mzee, Yosefu alikuja Tiira peke yake kuchimba dhahabu. Hakuna mtu alikuja naye wa kumhesabu. Ameshakufa miaka mingi."

Mzee Okumu akaweka soda yake chini polepole. Nikajua kuku yangu imeungua bure. Akasema, "Huyo Yosefu anaweza kuwa wetu. Anaweza kuwa wa kwao mama ya Nabwire. Anaweza kuwa wa kwao huyu shemeji yangu hapa," akanionyesha na kidevu. "Na hatuoi ukoo wa baba, wala wa mama, wala wa nyanya aliyezaa baba. Jumamosi ijayo mkija na jina, tutakula. Mkikosa, kila mtu na kwao."

Jumapili tukitoka kanisani, Nabwire akaingia jikoni kwangu, macho mekundu. Akasema, "Nyanya, wazee wananifanya kama Edipo."

"Edipo ni nani? Ni mwalimu wenu?"

Hapo ndipo akacheka kidogo. Akaniambia ni mfalme katika hadithi za Wayunani wa zamani, hadithi anazofundisha wanafunzi. Mtu aliyeoa mama yake mzazi bila kujua.

Haki nilishika kifua. Nikamwambia aanzie mwanzo, na aseme polepole, kwa sababu mimi ukoo siwezi kuushika na masikio pekee. Nikatoa vifuko vyangu viwili. Kimoja kina maharagwe, kingine njugu mawe. Haragwe ni mwanamume, njugu ni mwanamke. Nyanya yangu aliyenilea kwetu Petta, huko Uganda, ndiye aliyebuni hiyo, kwa sababu yeye hata darasa la kwanza hakuliona. Anamwaga kwenye mkeka, anapanga, anatufundisha ukoo mpaka tunaota maharagwe. Katika maisha yangu sijaona mtu mwingine nje ya boma letu akihesabu namna hiyo. Mshike hilo neno.

Basi Nabwire akasema, mimi nikapanga. Juu kabisa haragwe moja, Mfalme Agenori, wa upande wa Tiro. Nikasema Tiro naijua, iko kwa Biblia! Kando yake njugu, mkewe. Chini yao watoto: vijana kadhaa, na msichana mmoja, Europa. Siku moja msichana akaibiwa. Mfalme akawaita vijana wake akawaambia, nendeni mkamtafute, na mtu asirudi hapa bila yeye. Wakaenda. Hawakumpata. Na kwa sababu hawawezi kurudi, kila mmoja alipochoka akajenga hapo hapo, nchi ikaitwa jina lake. Mmoja alichoka Kilikia. Kilikia, kwao mtume Paulo! Nikapiga makofi. Mwingine, Kadmo, alitembea na mama yake mpaka mama akafia njiani. Akaenda kuuliza kwa waganga wao, wakamwambia, acha kutafuta, fuata ng'ombe, mahali ng'ombe atalala ndipo ujenge. Akafuata. Ng'ombe akalala, akajenga mji. Akazaa Polidoro, Polidoro akazaa Labdako, Labdako akazaa Layo, Layo akazaa huyo Edipo. Layo akaogopa unabii kwamba mwanawe atamuua, akatuma mtoto atupwe porini. Mtoto akaokotwa, akalelewa na mfalme mwingine mbali, na hao walezi hawakumwambia kwamba wamemwokota. Kijana akakua, akasikia unabii huo huo, akakimbia ile nyumba asije akawaua walezi, njiani akaua mzee asiyemjua, kumbe babake. Akaingia mji, akapewa mjane amuoe.

"Ngoja," nikasema. "Alipokuja kuoa, nani alimhesabu?"

"Hakuna aliyemhesabu, Nyanya."

"Hakuna? Ufalme mzima, na hakuna hata mzee mmoja wa kuweka soda chini?"

Nabwire akaangalia yale maharagwe. Akasema, "Kwa hivyo Mzee Okumu ana haki."

"Ana haki," nikasema. "Ndiyo maana sisi tunaenda Tiira kesho. Shule zimefungwa, huna kisingizio."

Jumatatu asubuhi tulivuka mpaka kwa miguu, mimi na kikapu changu, Nabwire na daftari. Kuvuka ni kuvuka tu, mimi navuka tangu niolewe, lakini siku hiyo nilikuwa nimewabeba Wayunani kwenye kifuko, na nikajisikia kama mtu wa maana. Askari akauliza, "Mama, umebeba nini?" Nikasema maharagwe. Ningemwambia ni mfalme na watoto wake tungelala hapo.

Tiira si mbali na mpaka, lakini vumbi linakufanya uzeeke upya. Mashamba ya mihogo na mahindi, halafu ghafla ardhi imetobolewa kila mahali kama panya wakubwa wamepita. Ni mashimo ya dhahabu. Wanaume wanashuka na kamba, wanawake wanakaa juu na makarai wanaosha udongo. Mjane wa Yosefu, nyanya yake Wandera, ambaye huko wanamwita Jaja Taaka, tulimkuta hapo hapo na karai lake, mzee kama mimi, mwembamba, mikono ina nguvu kuliko yangu. Wandera alikuwa amempigia simu, kwa hivyo hakushtuka.

"Ndio wewe yule utachukua Wandera yangu?" akamuuliza Nabwire. "Hebu geuka nione. Eh. Unajua kuosha udongo?"

"Sijui, Jaja."

"Basi utajua kuandika. Hata hiyo ni kazi."

Akatupeleka kwake, akatupa chai ya majani mengi na mihogo ya kuchemsha. Tulipomaliza nikatoa vifuko. Kwanza nikampangia ukoo wa Agenori, kwa sababu si vizuri kuanza na kuuliza mtu siri ya nyumba yake. Kwanza mnacheka na mambo ya wengine. Na alicheka, Jaja Taaka! Nilipofika kwa Kadmo na ng'ombe akanishika mkono.

"Ngoja, muko, mkwe wangu. Hiyo ng'ombe ilikuwa ya nani?"

Nabwire akafikiri. "Ilikuwa imetoka kwa kundi la mtu fulani, Jaja."

"Na mwenyewe hakuitafuta? Mtu anafuata ng'ombe ya mwenyewe mpaka inachoka, anajenga mji, anaitwa mfalme! Hapa Tiira wangemfunga."

Tukacheka mpaka chai ikanitoka puani. Halafu Jaja Taaka akainamia mkeka. Akanyoosha kidole, akagusa njugu moja. Akasema, "Yosefu wangu alikuwa anafanya hii."

"Anafanya nini?"

"Hii. Maharagwe kwa wanaume, njugu mawe kwa wanawake. Alikuwa anafundisha watoto. Upande yangu anapanga wote, baba yangu, babu yangu, wote. Upande yake anaweka haragwe moja. Yeye. Namwambia, na wengine? Anasema mtu hajihesabu. Halafu kando yake anaweka njugu moja. Namuuliza, hii ni nani, ni bibi mwingine? Anasema hapana, hiyo ni dada yangu, anajua ukweli."

Akina mama, mimi niliangalia ule mhogo kwenye sahani na nikauona uko mbali sana. Nikauliza, "Mgongoni alikuwa na alama?"

"Alama ya fimbo. Hapa, na hapa. Wewe umejuaje?"

"Nimeuliza tu," nikasema. "Watu wengi wa zamani walipigwa."

Nikanyamaza. Naomba mlisikie vizuri hilo, kwa sababu lilikuwa mara ya pili katika maisha yangu kunyamaza juu ya mtu yule yule. Nikamuuliza tu Yosefu alitoka wapi kabla ya Tiira. Akasema alitoka Mulanda, huko ndiko alibatizwa, kwa mtu anaitwa Mzee Obbo. Nikasema basi tutaenda Mulanda. Kichwani nilikuwa naomba huko niambiwe habari ya mtu mwingine kabisa.

Jumanne tukachukua pikipiki ya boda mpaka barabara kubwa, halafu gari, halafu boda tena. Mwamba wa Tororo ulikuwa mbali upande wa kulia, bluu, unajificha na kutokea. Nabwire alikuwa na furaha. Alikuwa ameandika kwenye daftari, "Yosefu, Mulanda," na mshale. Akanionyesha: amechora njia ya Kadmo upande mmoja wa karatasi, na njia ya Yosefu upande mwingine.

Nikamuuliza, "Katika ile hadithi, kabla Edipo hajajua, hakukuwa na mtu hata mmoja aliyejua?"

"Alikuwepo. Mchungaji. Ndiye aliyepewa yule mtoto akamtupe. Alijua kila kitu, akanyamaza miaka yote."

"Anaitwa nani?"

Akafungua daftari, akafunga. "Hadithi haimpi jina, Nyanya. Ni mchungaji tu."

Sikuongea tena mpaka Mulanda. Nabwire akadhani gari limenichosha.

Mulanda ni senta ya maduka, na Mzee Obbo kila mtu anamjua. Zamani alikuwa mlinzi wa stoo ya pamba. Sasa amekaa kwenye baraza ya duka ya mwanawe, ana kofia ya sufu na jua linawaka. Nilipotaja Yosefu alifurahi kama nimemletea barua.

"Yosefu! Hiyo jina aliipatia hapa kwangu! Alikuja hapa kijana, pengine miaka kumi na minne, mgongo imefura namna hii. Nikamuuliza, umeiba nini? Akasema hajaiba. Amepigwa kwa sababu ya ng'ombe hakupoteza. Nikampa kazi ya kushona magunia. Akabatizwa hapa, akachagua Yosefu, kwa sababu ndugu zake walimtupa."

"Ni yeye alisema hivyo?" nikauliza.

"Ni yeye. Halafu kijana mmoja akaja kumtafuta. Mrefu, anatoka Petta. Alikuja mara tatu. Mara ya tatu alilia hapa mbele yangu, akasema baba amekataa nirudi nyumbani bila yeye. Mimi nilikuwa nimeficha Yosefu nyuma ya magunia ya pamba. Nikasema sijamuona." Mzee Obbo akavua kofia, akaishika. "Nilidhani wamekuja kumpiga tena. Mama, nilifanya vibaya?"

"Hapana," nikasema. "Si wewe."

Nabwire alikuwa ameacha kuandika. "Petta," akasema. "Nyanya, Petta si ni kwenu?"

"Ni kwetu."

"Kwa hivyo ni wa ukoo wako?"

Mzee Obbo akatuangalia mmoja mmoja. Mimi nikasema, "Twende Petta. Kuna kitu nataka kusema, lakini kuna mtu mmoja anafaa kukisikia pamoja na wewe. Sitaki kukisema mara mbili, sina nguvu."  Nabwire alifunga daftari. Njia yote ya kwenda Petta alikaa kwenye boda yake mbele, mimi nyuma kwenye yangu, na mgongo wake ulikuwa umenyooka kama wa mtu anayekataa kulia mbele ya dereva.

Petta sina haja ya kuwasimulia sana, kila mtu anajua kwao. Mtama, karanga, miembe ambayo haikuwepo, miembe iliyokuwepo imekatwa. Kaka yangu Owor ndiye amebaki. Boma la baba liko upande huu wa njia, nyasi zimeota ndani. Nyumba ya Owor iko ng'ambo ya njia, nje ya uzio wa zamani, na imekuwa huko tangu mimi msichana. Watu wapya wanadhani alipenda upepo.

"Aa, Mkenya amekuja!" akapiga kelele. "Umekuja kumaliza kuku wangu? Yule uliyemla mwaka jana bado hajalipiwa."

"Nyamaza, mzee, nimekuja na mjukuu. Amka tuonane."

Alipomaliza kutusalimia na kuuliza habari ya kila mtu mpaka paka, nikatandika mkeka wake. Nikamwaga maharagwe na njugu. Owor akavikodolea macho. Hajaviona tangu nyanya yetu afariki. Nikaweka haragwe moja katikati.

"Huyu ni Oketcho," nikasema.

Basi sasa nisikilizeni na nyinyi. Mwaka mmoja wa njaa, mwanamke alikuja bomani kwetu kutoka upande wa Wateso, mtoto mgongoni, mume amekufa. Aliishi siku chache tu, akafa. Kabla ya kufa akamwambia nyanya yangu watu wa yule mtoto, na nyanya akawapanga kwenye mkeka. Mtoto tukamwita Oketcho, kwa sababu ya ile njaa. Alilelewa nasi. Mimi na yeye tulichunga pamoja, tulifundishwa maharagwe pamoja. Nyanya alinifanya mimi nishike hesabu yake, kwa sababu mtu hajihesabu, na yeye hakuwa na mwingine.

Baba alimpenda. Akasema atamwingiza kwenye ukoo kabisa. Atachinja mbuzi, atamvalisha kipande cha ngozi mkononi, atakuwa mwanawe kama Owor. Siku ikapangwa, Jumapili.

Alhamisi ikanyesha. Oketcho akaniambia, nishikie ng'ombe, naenda kukata kamba. Mimi nikaona kumbikumbi wanatoka kwenye kichuguu. Wengi, wanapanda juu kama moshi. Nilikuwa na miaka tisa. Nikaenda. Nilikula wabichi, nikajaza sketi. Niliporudi ng'ombe wako ndani ya pamba ya jirani, na mtamba mmoja mwekundu ameingia kinamasini, hakuonekana tena. Jioni baba akauliza, nani alikuwa na ng'ombe? Nikasema, Oketcho. Yeye akaniangalia. Angeweza kusema. Hakusema kitu. Akapigwa, na asubuhi hakuwepo.

Baba alipopoa alijuta. Akamtuma Owor. Akamwambia, usirudi bila yeye.

Owor alisikiliza yote haya ameshika magoti. Mwisho akasema, "Nilitembea mavuno mawili. Mulanda, Tororo, mpaka Malaba. Niliporudi mikono mitupu mzee akasema, hujarudi. Akanionyesha ng'ambo ya njia, nijenge huko. Alikufa bila kunifungulia." Akageuka akaliangalia lile boma lenye nyasi. "Maisha yangu yote nimelala nje ya uzio kwa sababu ya kumbikumbi."

 Aliinuka akaenda kwa kuku wake, akakaa huko muda mrefu, tukimsikia akiwaongelesha. Nabwire alikuwa amekaa mikono kwenye mapaja. Nilingoja aniambie jambo lolote, hata tusi. Akasema polepole, "Nyanya. Ile mbuzi. Ilichinjwa?"

"Nini?"

"Mbuzi ya Jumapili. Ilichinjwa, haikuchinjwa?"

"Ingechinjwaje na mwenyewe ameshaondoka Ijumaa? Haikuchinjwa."

Akafunika uso na mikono. Nikadhani analia, kumbe anacheka na kulia. "Basi hakuingia kwenye ukoo wenu," akasema. "Basi Wandera si wenu."

Mimi nilikuwa nimebeba kile kitu miaka zaidi ya sitini kama jiwe kwenye kiatu, na sikuwahi kukiangalia upande huo. Lakini kuna upande mwingine pia, nao Nabwire aliuona kabla yangu. "Lazima useme mbele ya wazee," akasema. "Wewe ndiye shahidi mkuu. Ukisema mbuzi haikuchinjwa, watauliza kwa nini aliondoka."

Owor akarudi na kuku mmoja amemshika miguu. "Utasema mwenyewe, au nikusemee?"

"Nitasema."

"Basi shika huyu. Mimi nakuja na nyinyi. Sijawahi kuona Kenya."

Tukala kuku Petta, tukapumzika siku mbili, na Ijumaa tukarudi Busia watatu. Njiani Nabwire alimsimulia Owor habari ya Agenori na vijana wake walioambiwa wasirudi. Owor akasikiliza kwa makini. Akasema, "Huyo baba alikuwa mjinga. Angewaambia tu, rudini mkishindwa."

Jumamosi watu wa Tiira walikuja, na Jaja Taaka pia, amevaa gauni lake la gomesi, la manjano. Obbo hakuweza kusafiri, lakini kwa simu alimsimulia Mzee Okumu yale ya magunia. Nikatandika mkeka katikati ya wanaume. Mzee Okumu akasema, "Shemeji, hii ni kazi ya mjomba ya kijana." Nikasema, "Hii ni kazi yangu. Nilipewa nikiwa mtoto nikaiacha."

Nikasema yote. Kichuguu, sketi, mtamba mwekundu, fimbo. Nilisema bila kuinua macho. Owor akathibitisha safari yake, nyumba yake nje ya uzio, na mbuzi ambaye alizeeka bila kuchinjwa. Mzee Okumu akamuuliza mara mbili juu ya kile kipande cha ngozi cha mkononi. Owor akajibu mara mbili: hakuvalishwa. Mzee Okumu akasema, "Kwa hivyo si wa Petta. Sawa. Lakini bado hujajibu swali langu. Yosefu wa nani?"

Mimi nikaweka haragwe.  Hesabu uliyofundishwa utotoni ni kama wimbo, haitoki kichwani. "Wandera, wa Ouma, wa Yosefu ambaye ni Oketcho, wa Etyang, wa Omoding, wa Ekisa. Wateso. Mama yake alifia kwetu na akamwacha mikononi mwetu."

Mzee Okumu akahesabu yale maharagwe na macho, kutoka chini kwenda juu, hakuona wa kwetu hata mmoja. Akachukua soda yake, akanywa.

Wakati chakula kinapakuliwa Jaja Taaka alikuja kukaa kando yangu. Nilijikunja. Nilidhani atanipiga kofi, na ningeshukuru. Aliangalia mbele tu.

"Hao kumbikumbi," akasema. "Walikuwa tamu?"

"Walikuwa tamu sana," nikasema, na hapo ndipo nililia.

Akafungua fundo la kitambaa chake, akanipa kitu kidogo. Njugu moja, nyeusi kwa uzee, ngumu kama kokoto. Ni ile Yosefu alikuwa akiweka kando yake kila akipanga. "Alisema ikitokea dada yake akaja kumhesabu, nimpe. Mimi nilidhani ni maneno ya uzee."

Sasa nimerudi kwenye omena zangu, na nyinyi mnaniuliza nimejifunza nini huko. Kusoma hadithi za Wayunani sijui. Lakini naona nyumba ya Kadmo haikuharibika siku ile Edipo alipooa. Iliharibika kitambo, mchungaji mmoja asiye na jina alipojua jambo akalimeza. Mimi nilikuwa huyo mchungaji. Sasa nina jina.

Ile njugu sijaipanda, najua haiwezi kuota. Nimeiweka kwenye kifuko pamoja na zingine. Juzi dada mdogo wa Nabwire aliniomba nimfundishe, nikamwaga kwenye mkeka, nikaanza na haragwe la Oketcho. Kando yake nikaweka ile nyeusi. Akauliza, "Nyanya, huyu mwanamke ni nani?"

Nikamwambia ni mimi.